Kitasa cha Ghorofa ya Tatu

Kazi yangu vitasa.
Si hukumu, si huruma. Vitasa:
silinda, komeo, skrubu nne
na risiti ya yuro tisini.

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, Zaragoza.
Upepo wa sierso umefuata mto Ebro hadi mjini
unazaba watu makofi bila kuuliza majina.
Chini, vijana wanagonga sufuria, wanaimba "Mnyonyaji!"
Juu, sisi: karani wa mahakama, polisi wawili,
mimi na bisibisi yangu,
tunamngoja mwenye nyumba.

Chuki nilikuwa nimemwandalia tayari,
nimeikunja vizuri kama leso ya mfukoni.
Akaja Visitación Urrea, miaka sabini na minane,
koti jeusi limepauka viwikoni,
anapumzika kila vidato vitano
kwa sababu lifti ilikufa tangu Pasaka.

Nyumba hii waliinunua, yeye na mumewe,
kwa miaka ishirini na sita ya zamu za usiku
kiwanda cha karatasi.
Sasa mume halijui jina lake mwenyewe.
Yuko kituo cha wazee, kitanda cha dirishani,
na kituo hakipokei machozi, kinapokea fedha,
kila tarehe moja.
Miezi kumi na tisa kodi haijaingia.
"Mimi si tajiri," akaniambia, mimi fundi,
kana kwamba nilikuwa nimemshtaki.
Nilikuwa nimemshtaki.

Mlango ukafunguka kabla sijaugusa.
Nélida Choque, kandambili, mikono inanuka klorini.
"Nilijua mnakuja," akasema, "nimepiga deki."
Nani hupiga deki nyumba anayotolewa?
Chumbani mashine ya kumpa mwanawe pumzi ilikuwa inakoroma.
Kampuni ya usafi ilimwachisha kwa ujumbe wa simu.
Kwenye orodha ya nyumba za manispaa
yeye ni wa elfu mbili mia tatu na kumi na nne.
Mwaka jana alikuwa wa elfu mbili mia tatu na tisa.

Karani akasoma. Haki ya mmiliki, koma,
hali dhaifu ya mkaaji, koma,
sauti yake ikienda huku na huku
kama mtu anayepima sukari kwa mkono.

Ndipo dirisha la jikoni likaanza kugonga.
Wanawake wawili wakageuka pamoja, wakaenda pamoja.
Mmoja akasukuma fremu kwa bega, pale pale panapotakiwa,
mwingine akachomeka kipande cha boksi, kimekunjwa mara tatu.
"Mara nne," alisema Visitación. "Wakati wa sierso, mara nne."
Nélida akakunja tena.
Dirisha likanyamaza. Na sisi.

Wanasema mafahali wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Mafahali sikuwaona pale.
Niliona nyasi mbili, zimevishwa pembe.
Fahali alikuwa ofisini kwake, ana kikao,
mji mzima ameuegemeza
juu ya pensheni ya bibi mmoja.

Sikiliza, mimi najua jambo moja tu.
Silinda ina matundu mawili, la ndani na la nje.
Ufunguo ukiachwa ndani, wa nje hauzunguki,
hata uwe wa dhahabu, hata uwe na muhuri.
Na anayelala ndani hivyo
halali; analinda tundu.

Simu ikaita. Ustawi wa jamii. Wiki sita.
Vijana wakashangilia barabarani.
Nélida akakaa chini sakafuni, palipokuwa bado na unyevu.
Visitación akamwuliza karani, polepole,
"Na kituo? Nikakiambie nini tarehe moja?"
Karani akatafuta kifuniko cha kalamu yake.

Kitasa kilikuwa kikavu, nikakitia mafuta.
Hiyo ndiyo kazi niliyofanya.
Nilitoza arobaini. Usinisifu,
nilipaswa kukataa yote, na petroli nimeikopa.

Tukashuka, mkono wake kwenye kiwiko changu.
Kwenye kidato cha tano akasimama kupumua.
Juu yetu komeo likazunguka, mara mbili,
laini, bila kelele.
"Umelitengeneza vizuri," alisema.
Sikujua kama ananishukuru.
Tukahesabu vitano vingine.